Mti wa Kilio Haupendi Maji

Watu wa avenyu yetu hapa Kikula wanajua kila kitu. Wanajua binti wa nani anarudi saa ngapi, wanajua nani amepika nyama na nani amepika harufu ya nyama tu. Waulize habari ya shaba, ya uchaguzi, ya dawa ya malaria, watakujibu kabla hujamaliza swali. Lakini wape mti mmoja usiozaa chakula wautunze, hapo ndipo utaona elimu yao inapoishia. Watauua kwa maji au watauua kwa panga, na ukibaki hai baada ya hayo yote, watasema ni mchawi.

Nina mti wa namna hiyo mbele ya nyumba yangu. Kwa Kifaransa unaitwa laurier-rose, sisi tunafupisha tunasema lorie. Ni kichaka zaidi kuliko mti: mashina mengi yanatoka chini pamoja, majani membamba magumu ya kijani cha giza, na maua ya waridi kwenye ncha za matawi mapya. Hauna tunda. Utomvu wake ni sumu. Mbuzi akiutafuna anakufa, na mtu akiukata lazima anawe mikono vizuri kabla ya kushika bukari, ugali wetu. Lakini jua la mwezi wa tisa, lile linalokausha mpaka mate mdomoni, haliufanyi kitu. Vumbi jekundu la barabara linaufunika hadi hujui ni mti au ni ukuta. Uumwagie maji kidogo tu ya kuuosha uso, na chini ya vumbi utakuta kijani kilekile cha mwezi wa kwanza. Ndiyo sababu niliupanda. Kwa miaka nimewaacha wote wafikiri niliupanda kwa urembo.

Niliupanda kwa sababu ya kilio cha mume wangu.

Kwetu mtu akifa, watu hawakai ndani. Wanakuja kuketi na wafiwa, kulala hapo, kula hapo, siku kadhaa, na kwa kuwa nyua zetu ni ndogo, viti vinafika mpaka katikati ya barabara. Kwa hiyo vijana wanakata matawi mabichi na kuyalaza njiani, upande wa juu na upande wa chini. Dereva akiona majani mabichi yamelala njiani, anajua pana kilio. Anapunguza mwendo, anazima muziki, anapita polepole kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Hata mlevi anaiheshimu. Lakini lazima yawe mabichi. Majani makavu njiani ni takataka. Yanaweza kuwa yamedondoka kwenye baiskeli ya mtu.

Mume wangu, fundi wa kulehemu, alikufa mwezi wa tisa, wakati nyasi zote zimeungua na vilima vimebaki vipara. Kijani kilichobaki katika avenyu yetu kilikuwa cha miembe. Sasa nikuulize wewe: nani atakupa tawi la mwembe mwezi wa tisa, likiwa limebeba maembe machanga? Vijana walipita mlango kwa mlango. Huyu alisema mwembe wake bado mdogo, yule alisema mwenye mwembe hayupo, na mwenye mwembe alikuwa chumbani, tulimsikia akikohoa. Mwembe mkubwa kuliko yote ulikuwa wa jirani yangu wa mbele, mwanamke wa ng'ambo ya barabara. Nilikwenda mimi mwenyewe, na kitambaa cha ufiwa kichwani.

Alinishika mikono yote miwili, akaanza kulia. Halafu akasema: “Yaya, ona weye mwenyewe. Kila tawi iko na matunda. Mungu hapendi tuharibu matunda.”

Yaya maana yake dada mkubwa. Alinipa heshima yote, akaninyima tawi.

Vijana wakaenda mbali, wakarudi na mabua ya mahindi waliyoyaokota shambani. Makavu, ya kijivu. Wakayalaza njiani, na mimi nilipoyaona nilijua. Malori ya madini yanapita kwetu kukatisha njia ya Kambove. Alasiri lori la kwanza lilikuja, dereva akaona mabua, hakuinua hata mguu kwenye mafuta. Lilipita juu yake kwa mwendo uleule. Watu waliruka na viti vyao. Jeneza lilikuwa limefika kutoka morgue ya hospitali na lilikuwa wazi ili watu wamuage, na lile vumbi jekundu, wingu zima, likashuka juu ya bukari, juu ya samaki, juu ya vichwa vyetu, likaingia mpaka kwenye nyusi za mume wangu. Nilivua kitambaa changu nikampangusa uso. Binti yangu, alikuwa bado mtoto wa kushika nguo yangu, alikuwa anatazama. Lori la pili lilikuja nikiwa bado ninapangusa.

Sikulia siku ile. Hasira ilichukua nafasi yote. Nilijiambia jambo moja tu: katika avenyu hii hakuna maiti mwingine atakayefunikwa vumbi kwa sababu ya maembe ya mtu.

Mimi ninauza samaki wakavu wa ziwa Tshangalele sokoni, si mtu wa bustani. Lakini nilikuwa nimeona lorie mjini, kwenye zile nyumba za zamani za wakubwa wa kampuni, ambako wenyewe waliondoka, mabomba yalikufa, mawaridi yalikufa, majani ya bustani yalikufa, na kichaka hicho kilibaki kimesimama peke yake kinatoa maua kwa paa lililoanguka. Nilimwomba mlinzi, akaniruhusu nikate vipande vichache vyenye urefu wa mkono. Nilitoa majani ya chini, nikavitia kwenye chupa za bia za rangi ya kahawia, maana mizizi haipendi mwanga, nikaziweka nyuma ya jiko na kubadilisha maji kila yalipoanza kunuka. Mizizi ilipotoka, nyeupe kama tambi, nikasubiri mvua ishike vizuri, ndipo nikapanda.

Hapo maprofesa wakafika. Kila aliyepita alikuwa na shauri. Mmoja alisema nipande mboga ya lenga-lenga badala yake, maana maua hayaingii chunguni. Mwingine alisema nitie mbolea ya kuku, nyingi. Jirani wa mbele, ambaye Mungu hapendi aharibu matunda, alifanya zaidi ya kushauri. Kiangazi cha kwanza nilikuwa nauwekea mti maji kidogo mara moja moja, mpaka ujifunze kuyatafuta wenyewe chini. Nikienda sokoni, yeye anavuka barabara na beseni la maji ya kuoshea vyombo, anaumwagia kwa huruma. Nilishangaa majani yanageuka njano wakati wa kiangazi, mpaka nilipokuta chini ya shina punje za wali na vipande vya sombe, yale majani ya muhogo.

“Iko na kiu, maskini,” aliniambia nilipomuuliza. “Weye huuhurumii.”

Kuna watu wakiona kitu kinaishi bila msaada wao, hawapati usingizi. Nilimwambia mti huu haupendi maji, akacheka, akawaambia wenzake kwamba mjane wa pale amepata mti usiokunywa. Nilizungushia miiba, mti ukapona. Baada ya hapo sikuumwagia tena tone isipokuwa la kuosha vumbi. Vidudu vya njano vilipokuja kwenye machipukizi, niliviosha kwa maji ya sabuni. Shina likizeeka nililikata chini kabisa ili jipya lipate nafasi. Ndiyo kazi yote. Mtu yeyote angeiweza, kama angeweza kunyamaza.

Kisha mti ukakua, na siku ikafika. Mzee mmoja wa upande wa juu wa avenyu alikufa mwezi wa nane. Vijana walikuja na mapanga, hawakubisha hodi, wakaanza kufyeka. Nilitoka na ufagio.

“Mama, tunakata paka ya kilio,” wakasema, yaani ya kilio tu.

“Najua ni ya kilio. Ndiyo maana nasema mkate kama watu!”

Nikawaonyesha. Majani ya lorie yanakaa matatu matatu kwenye shina. Ukikata juu kidogo tu ya pale yanapokutana, tawi moja litazaa matawi matatu. Ukifyeka ovyo, linaoza. Hawakusikiliza, bila shaka, wana masikio ya kusikilizia simu tu. Tangu hapo nikawa nakata mwenyewe kwa mkasi mkubwa. Kila msiba wa kiangazi, walikuja, nikatukana, nikakata, wakabeba. Na malori yakapunguza mwendo. Nilikuwa nakaa kwenye kilio, mbali kidogo, sahani mapajani, nikisikiliza breki. Hakuna aliyejua kwamba hiyo ndiyo sala yangu.

Na shukrani? Shukrani ya punda ni mateke. Walianza kuuita mti wa kilio. Mwanzoni ilikuwa utani, mtoto akikuelekeza nyumba anasema, “pale ku muti ya kilio.” Halafu watu wakaanza kuvuka upande wa pili wakiukaribia. Halafu wakaacha kuugusa. Halafu wakaanza kuhesabu.

Wakati huo jirani wa mbele alikuwa ameinuka cheo. Alikuwa amepata maono, na mwenye maono lazima apate bati. Aliukata ule mwembe wake, matunda na yote, ili apate mahali pa kujenga hangari ya maombi. Mungu aliyekuwa hapendi tuharibu matunda alikuwa, naona, amebadilisha mawazo. Asubuhi mpaka jioni walikuwa wanapiga kelele chini ya bati hilo, na mimi Mkatoliki wa misa ya kwanza nilikuwa nasali kimyakimya ili mvua ya mawe inyeshe. Alikuwa pia amemleta mama yake mzazi kutoka kijijini. Bibi huyo alikuwa akija mezani pangu sokoni, anabonyeza samaki mmoja baada ya mwingine, anasema wote wameoza, anatema ugoro karibu na kapu langu na kuondoka. Sikumpenda, na sitasema nilimpenda kwa sababu tu amekufa.

Siku moja jirani alivuka barabara na wanamaombi wake nyuma, wote na vitambaa vyeupe. Akasimama mbele ya lorie, mbali kidogo, kama mtu anayezungumza na mbwa asiyemjua.

“Yaya, nilionaka mu maono,” akasema. “Hii muti yako iko naita lufu. Hesabu weye mwenyewe. Kila muntu alikufaka mu hii avenyu, muti yako ilikuwaka pale mu barabara.”

Lufu ni kifo. Yaani watu wanakufa, wanakuja kukata mti wangu, halafu wanasema mti wangu ndio uliowaua. Nilimtazama nione kama anatania.

“Na viti ya plastiki?” nikamuuliza. “Nayo ilikuwaka pale. Na sufuria je? Na weye mwenyewe? Kila kilio weye njo wa kwanza kufika, na sahani mukononi. Pengine njo weye unaita lufu.”

Walipiga kelele za kunikemea mpaka kuku wangu wakakimbia. Walitaka ung'olewe na mizizi yake yote. Nilifunga mlango. Ningewaacha wapige kelele hadi kiama, debe tupu haliachi kuvuma, na lorie ungekuwepo mpaka leo kama ulivyokuwa. Lakini walijua pa kupigia. Walikwenda kwa binti yangu.

Binti yangu alikuwa amerudi kukaa kwangu, mumewe anachimba Kambove na anakuja akipata nafasi. Alikuwa na mimba. Mimba iliyotangulia ilikuwa imetoka, na hakuna mtu aliyeweza kumwambia kwa nini. Mtu asiyejua kwa nini ni mlango ulio wazi, yeyote anaingia. Jirani aliingia. Alimwambia mtoto wa kwanza alichukuliwa na ule mti, na wa pili umeshamwona.

Binti akaacha kupita mbele. Alikuwa anazunguka kwa nyuma, anapita katika ua wa watu na tumbo lake, anaruka mfereji. Nilimtukana. Nilimwambia sikumlipia shule miaka yote ile ili aje aogope maua. Siku moja alikuja kuketi karibu nami nikichambua samaki.

“Mama, najua weye huamini,” akasema. “Minye pia siamini sana. Lakini hii ikitoka kama ile ingine, nitabakia paka na kujiuliza maisha yote: kama ile muti ilikatwaka, ingekuwa je? Siwezi kuishi na ile swali.”

Nilikuwa na majibu mengi, yote makali, yote ya kweli. Nikamwangalia alivyoshika tumbo kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa. Hasira niliyokuwa nayo kwa jirani siku ile sitaisahau: alikuwa ameninyima tawi la mume wangu, na sasa alikuwa anachukua matawi yangu yote, kwa mkono wa mwanangu.

“Nitaukata,” nikasema.

Sikusema nitaung'oa.

Nilichagua mwisho wa mvua, ardhi ikiwa bado na unyevu ndani. Wanamaombi walikuja na majembe kuchimba mizizi. Niliwaambia mizizi imeingia chini ya ukuta, wakichimba nyumba itaanguka na wao ndio watakaoijenga. Neno kujenga likawaondolea hamu ya majembe. Nikakata mwenyewe, shina kwa shina, chini karibu na ardhi, kwa msumeno wa mume wangu. Waliimba. Walinipongeza, jirani akanishika bega akisema nimeshinda shetani. Watu hawa wameishi karibu na mti ule miaka yote na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba lorie uliozeeka, ukiukata hadi chini, hufurahi. Niliwatazama wanavyocheza kuzunguka kisiki, na mizizi ikiwa mizima chini ya miguu yao.

Kisha wakataka kuchoma matawi. Hapo nilisema kweli.

“Musichome! Moshi yake iko na sumu!”

“Munaona?” jirani akawaambia wenzake. “Iko nalinda mashetani yake.”

Basi. Nilimwingiza binti yangu chumba cha nyuma, nikafunga madirisha, nikaweka nguo mbichi chini ya mlango. Wao waliburuta matawi mpaka kwenye ua wa hangari, wakawasha moto alasiri hiyohiyo, wakauzunguka wakiimba. Haukupita muda wakaanza kukohoa. Wakakohoa, wakatapika, macho yakavimba, wengine wakalala chini wakishika vichwa, na jirani, mwenyewe sauti imekauka, akawa anapiga makofi na kulia kwamba mashetani yanatoka. Kila kikohozi shetani mmoja. Niliwasikia kupitia ukuta, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye upepo ulipogeuka nilitoka, nikaona mbele ya nyumba yangu palivyo peupe, lile lori la jioni linapita na vumbi linakuja moja kwa moja mpaka mlangoni, na kicheko kikaniisha.

Mjukuu wangu alizaliwa salama mwanzoni mwa baridi, mtoto wa kike, mwenye sauti. Bila shaka ushindi ulikuwa wa hangari. Haleluya ilipigwa hadi nadhani ilisikika Kambove. Jirani alisimama mbele ya watu akasema, shina limekatwa, mtoto amekuja. Sikubishana. Nilikuwa na mtoto mikononi, nilishiba. Waache washinde.

Wakati huo kisiki kilikuwa kimeshachipua. Kwanza vidole vyekundu kidogo, halafu fimbo, na mwezi wa nane machipukizi yalinifika kifuani, manyoofu, majani mapya yanang'aa. Nilikuwa nimezungushia uzio wa matete na kusema nafuga kuku humo. Hakuna aliyechungulia. Watu wanaoona mbinguni kila siku hawaoni juu ya matete. Sikuyakata hata moja. Nilihesabu kuyaacha yakomae, yagawanyike, mwaka unaofuata nipate kichaka kamili.

Mwezi wa tisa mama wa jirani akafa.

Nilisikia kilio kikianza ng'ambo, nikabaki na samaki wangu. Vijana wakaanza kupita mlango kwa mlango, na mimi nikawa natazama dirishani kama mtu anayejua mwisho wa hadithi. Huyu mwembe wake bado mdogo. Yule mwenye mwembe hayupo. Wote ni wanamaombi, wote walilia na jirani, wakamshika mikono, na hakuna aliyetoa tawi. Mwembe wake mwenyewe ulikuwa umegeuka nguzo za hangari. Wakaleta tairi, wakaliweka njiani. Lori la kwanza likalikwepa, likapita kwa mbio kando ya viti vyenyewe. Nikaliona wingu jekundu linashuka. Nikamwona jirani anakimbia kwenye jeneza na kitenge chake, anajilaza juu ya uso wa mama yake ili vumbi lisimfike.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani. Nilisema vizuri sana. Haikunipa raha niliyoitarajia.

Binti yangu akaingia, mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka huko.

“Mama,” akasema, “bako naogopa kuuliza. Bale balikata muti hawawezi kukuya hapa.”

“Kuuliza nini? Mti umekwisha. Walikohoa shetani zake zote.”

“Mama, acha. Nilionaka tangu yuli. Hakuna kuku mule mu matete.”

Alijua tangu mwezi wa saba, mtoto wake bado kitandani, na alikuwa amenyamaza.

“Yule jirani aliniua kwa mdomo wake,” nikamwambia. “Alininyima tawi la baba yako. Unajua hilo?”

“Najua. Nilikuwaka pale. Nilikushika nguo. Nilikuonaka unamupangusa baba, na vumbi inarudi, na unapangusa tena.” Akamrekebisha mtoto mgongoni. “Ni juu ya ile vumbi njo nakuomba.”

Nilichukua mkasi. Nilibomoa matete kwa mguu, nikitukana, nikikata juu ya majani matatu, tawi baada ya tawi, mpaka nikafika kwenye yale nisiyotaka kuyakata, nikayakata. Hayakutosha kwa pande mbili, tukayagawa hivyohivyo. Tulivuka barabara, mimi na mikono iliyojaa, watu wakatupisha. Hakuna aliyekemea. Shetani, naona, siku hiyo alikuwa na ruhusa. Nilimkaripia kijana aliyetaka kuyalaza kifudifudi, nikayapanga mwenyewe, majani yatazame juu, kijani chote. Nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, nikakaa kwenye kiti cha pembeni, karibu na jeneza la mwanamke aliyewahi kutema ugoro kwenye kapu langu.

Lori lilionekana mwisho wa avenyu, limejaa mawe ya madini, muziki juu. Nikakaza mikono mapajani. Halafu muziki ukazimwa. Breki zikalia. Lilikuja polepole, polepole, dereva akavua kofia dirishani, magurudumu yakapita karibu na majani yangu bila kuyagusa, na vumbi halikuinuka zaidi ya kifundo cha mguu. Uso wa yule bibi ukabaki safi kama alivyooshwa.

Hapo nikalia. Sikujua kwamba nilikuwa bado na machozi yale. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, kilio cha miaka yote ile, kilio cha mtu aliyepangusa na kupangusa. Watu waligeuka. Jirani alikuja kwa magoti, akanikumbatia shingo, uso wake wote machozi na makamasi.

“Yaya,” akaniambia sikioni, “sikujua ulimupenda mama vile.”

Nikamwacha aendelee kunishika, na sikumsahihisha.